Akamwani, Kahawa ya Kutafuna ya Buhaya

Akamwani ni tunda la kahawa aina ya robusta lililochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, likakaushwa zima na ganda lake, kisha likatafunwa hivyo hivyo bila kukaangwa wala kusagwa. Ndicho kitafunwa cha kale cha ugeni katika Buhaya, nchi iliyo kando ya magharibi ya Ziwa Viktoria, mkoani Kagera. Kwa desturi ya Wahaya, mgeni hakuanza kwa kuulizwa shida yake. Aliketishwa, akaletewa kahawa, akatia punje mbili tatu mdomoni, na mazungumzo yakafuata. Ndizi na rubisi, yaani pombe ya ndizi, vilikuja baadaye. Wakazi wa Manispaa ya Bukoba, kuanzia Hamugembe hadi Kashai na Rwamishenye, bado wanaitafuna, ingawa wengi wao siku hizi huinunua badala ya kuiandaa nyumbani.

Robusta, ambayo wataalamu wa mimea huiita Coffea canephora, ni mti wa asili wa misitu ya Afrika ya kati na magharibi, na eneo lake la asili linafika hadi kando ya Ziwa Viktoria. Bukoba ina mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, na ardhi yake iko kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 kutoka usawa wa bahari, hali inayoufaa mti huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu mmoja wa mimea, Mjerumani, aliiona kahawa ya huku kuwa jamii ya pekee na kuipa jina la Coffea bukobensis. Jina hilo halikudumu, kwa sababu baadaye ilibainika kuwa ni robusta ileile. Hata hivyo linaonyesha kwamba Wajerumani walipofika waliikuta mibuni mizee imekwisha kuwa sehemu ya mashamba ya watu.

Mashamba hayo ni vibanja. Kibanja cha Mhaya ni nyumba na shamba kwa pamoja. Migomba huizunguka nyumba, mibuni husimama katikati ya migomba, na maharage hupandwa chini yake. Mbuni wa namna hii hauhitaji shamba la peke yake. Hupata kivuli kutoka kwa mgomba na mbolea kutoka kwa majani yaliyotandazwa, na huweza kuishi miaka mingi hata ukarithiwa na wajukuu. Familia yenye mibuni michache tu ilikuwa na akamwani ya mwaka mzima, maana kilichohitajika hakikupimwa kwa magunia.

Uandaaji wake huanza kwenye uchumaji. Matunda huchumwa yakiwa yamekomaa kwa ukubwa lakini bado ni ya kijani, au yanapoanza tu kugeuka rangi. Tunda jekundu lililoiva kabisa lina utomvu mwingi na ganda laini, na likichemshwa hupasuka. Matunda hutiwa chunguni na maji, juu yake huwekwa nyasi na majani ya kunukia, kisha huchemshwa kwa muda mrefu. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, na waandaaji wazoefu hawautoi hovyo. Viungo hivi ndivyo vinavyotofautisha akamwani na kahawa ya kawaida, na ndivyo vinavyoifanya ya mama huyu isifanane na ya jirani yake. Mchemsho una kazi nyingine tatu: hulainisha tunda, huzuia lisichachuke, na huua kiini cha mbegu.

Baada ya hapo matunda huepuliwa, huchujwa na kuanikwa juani juu ya mikeka kwa siku kadhaa. Kwa kuwa mvua ya Bukoba haina adabu, jua pekee halikutegemewa. Nyumba nyingi zilimalizia ukaushaji juu ya moto wa jikoni, pale moshi unapopita polepole na joto halifikii kuunguza. Matunda hupungua ukubwa, ganda hujikunja na kushikana na punje, na rangi hutoka kijani hadi kahawia iliyokolea au karibu na nyeusi. Yakiwa makavu barabara huhifadhiwa kwa miezi mingi. Zamani yalifungwa katika majani makavu ya mgomba, vifurushi vidogo vilivyokazwa kwa kamba ya mgomba huohuo, na ufungaji huo haujaisha hata leo.

Ladha yake humshangaza mtu aliyezoea kahawa ya kikombe. Ile harufu inayojulikana duniani kote huzaliwa katika kukaanga, na akamwani haikaangwi. Kinachokuja kwanza ulimini ni viungo, kisha uchungu wa punje, na mwisho utamu hafifu wa ganda unaobaki nyuma ya meno. Mtu hutafuna polepole, humeza mate, na makapi huweza kuyatema au kuyameza. Nguvu yake si ndogo. Robusta ina takribani mara mbili ya kafeini iliyomo katika arabika, karibu asilimia 2 ya uzito wa punje au zaidi kidogo, na mtafunaji haipunguzi kwa kuichuja kama anywaye kikombe. Ndiyo maana ilikuwa chakula cha njiani. Msafiri, mvuvi na mlinzi wa usiku walitia vifurushi mfukoni ili kukata njaa na usingizi.

Kabla ya ukoloni, kupanda mbuni hakukuwa haki ya kila mtu. Buhaya iligawanyika katika falme kadhaa, miongoni mwake Kiziba, Kianja, Ihangiro na Kyamutwara, kila moja na Mukama wake, yaani mfalme, na upande wa magharibi ukawapo ufalme wa Karagwe. Wakama walisimamia upandaji wa kahawa kwa ukali, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kupanda bila idhini. Kahawa iliandamana na ukuu, kwa hiyo ilitoka ikuluni kama zawadi, ikaingia ikuluni kama ushuru, na ikatumika katika matambiko. Hapa uchemshaji ulikuwa na maana ambayo ni rahisi kupita bila kuonekana. Punje iliyochemshwa haioti. Mukama aliweza kugawa kahawa kwa wageni, kwa watu wake na kwa falme jirani, ladha ikaenea hadi mbali, na mti ukabaki kwake.

Desturi ya akamwani ilivuka mipaka ya Buhaya. Buganda, Nkore na visiwa vya Ssese vilikuwa na desturi hiyohiyo ya kutafuna kahawa iliyochemshwa, na Buganda pia mgeni hukaribishwa kwa punje zilizowekwa ndani ya kikapu kidogo. Kwa hiyo si sahihi kuihesabu akamwani kuwa mali ya Wahaya peke yao. Ni desturi ya watu wa ziwa upande wa magharibi na kaskazini. Wahaya waliipa uzito mkubwa wa kijamii.

Uzito huo ulionekana zaidi katika omukago, yaani udugu wa kuchanjana. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zinazotazamana ndani ya ganda moja, bapa kwa bapa. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye punje, wakapeana, wakala. Tangu hapo walikuwa na wajibu wa kusaidiana, kulindana na kutosalitiana, na waliamini kwamba anayevunja kiapo huadhibiwa na kile alichokimeza. Mkataba huu ulikuwa na faida ya wazi katika nchi yenye falme nyingi na koo nyingi. Mfanyabiashara wa Ihangiro mwenye ndugu wa kuchanjana Kiziba alikuwa na mahali pa kulala na mtu wa kumtetea. Hans Cory na Hartnoll, waliokusanya sheria za kimila za Wahaya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1945, na kabla yao Mjerumani Hermann Rehse, aliyeandika juu ya Kiziba mwaka 1910, waliikuta jamii ambayo mengi ya mambo haya bado yalikuwa hai. Dini za Kikristo na Kiislamu ziliupinga omukago kwa sababu ya damu na viapo vyake, nao ukafifia. Kahawa ya mgeni haikupingwa na dini yoyote, ikabaki.

Wafanyabiashara wa pwani waliijua kahawa hii mapema. Katikati ya karne ya 19, Waarabu na Waswahili waliokuwa na makao Tabora walifungua njia ya kaskazini hadi Karagwe, wakaweka kituo Kafuro karibu na makao ya mfalme, wakitafuta hasa pembe za ndovu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyekaa nao Tabora mwaka 1858, aliandika habari alizosikia juu ya kahawa ya Karagwe, na akaeleza kwamba wenyeji hawainywi bali huitafuna. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri John Speke na James Grant walifika wenyewe kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, na Grant akabaki huko miezi kadhaa kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kwa mtu wa pwani, kahawa ilikuwa kinywaji kichungu cha kikombe kidogo, kikisindikizwa na kashata au tende ili kupunguza makali. Watu wa ziwa hawakuwa na sukari ya kusindikizia. Waliweka viungo ndani ya tunda lenyewe, na kitafunwa na kahawa vikawa kitu kimoja.

Mahali pengine duniani palikuwa na ufumbuzi wa kwao. Waoromo wa Ethiopia hukaanga matunda mazima ya kahawa katika siagi, na msafiri James Bruce wa karne ya 18 aliandika kwamba wapiganaji wao walibeba madonge ya kahawa iliyotwangwa na siagi kama chakula cha safari. Wayemeni huchemsha maganda ya kahawa pamoja na tangawizi na kupata kinywaji kiitwacho qishr. Kunywa punje iliyokaangwa, jambo linaloonekana leo kama matumizi pekee ya kahawa, ni njia moja tu kati ya nyingi, nayo ndiyo iliyobahatika kupata masoko.

Masoko hayo yalifika Bukoba kwa meli. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890, na Mapadre Weupe wakafungua misheni Kashozi mwaka 1892. Kilichobadilisha kila kitu, hata hivyo, kilijengwa na Waingereza upande wa pili wa ziwa: reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Baada ya hapo gunia la kahawa liliweza kupakiwa melini Bukoba, likashushwa Kisumu na kuteremka kwa treni hadi Mombasa. Utawala wa Kijerumani ulihitaji kodi, na kodi ilihitaji fedha. Von Stuemer, aliyekuwa Rezidenti wa Bukoba, aliwahimiza wakama waeneze mibuni, na Mukama Kahigi wa Kianja, rafiki mkubwa wa Wajerumani, alikuwa miongoni mwa walioitikia kwa nguvu. Wamisionari nao walileta miche ya arabika. Zuio la kale lilivunjika ndani ya kizazi kimoja, na mti uliokuwa wa idhini ukawa mti wa kila kibanja.

Ingetarajiwa kwamba kahawa ikiwa fedha, kutafuna kungekoma, kwa kuwa nani ale mali ya kuuza? Ilikuwa kinyume. Zamani mtu asiye na mti alipata akamwani kwa kupewa, na wenye kugawa walikuwa wachache. Sasa kila mwenye kibanja alikuwa na mibuni yake, na kila nyumba iliweza kumkirimu mgeni bila kumtegemea mkubwa. Biashara ya nje, iliyoanzishwa kwa ajili ya walaji wa Ulaya, ndiyo iliyoifanya akamwani kuwa kitafunwa cha watu wote. Kilichopotea ni ile heshima ya uchache. Kahawa iliyotoka mkononi mwa Mukama ilimtukuza aliyeipokea, lakini kahawa iliyotoka kwa jirani ilikuwa ukarimu wa kawaida.

Mgongano ulikuwa mahali pengine, kwenye uchumaji. Soko la nje linataka tunda jekundu lililoiva, akamwani inataka tunda la kijani. Kwa bwana shamba, kahawa iliyochumwa mbichi ni kosa linaloshusha daraja la mzigo mzima, na kampeni dhidi ya uchumaji wa kahawa mbichi zimerudiwa mara nyingi tangu enzi za Waingereza, waliowarithi Wajerumani. Mama anayeandaa akamwani hajawahi kuliona tunda la kijani kama tunda lililokosewa. Katika kibanja kimoja, na mara nyingi katika mti mmoja, zipo hesabu mbili za ukomavu. Waingereza walitunga kanuni nyingi za kilimo cha kahawa, na mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waliandamana kuzipinga, wakiona kwamba serikali imeingia hadi kwenye vibanja vyao. Maandamano hayo yalihusu utunzaji wa miti na mamlaka juu ya ardhi, si akamwani. Lakini yanaonyesha jinsi Wahaya walivyokuwa wepesi kukasirika mtu wa nje anapowaambia namna ya kuishi na mibuni yao.

Baada ya vita ya pili ya dunia wakulima walijipanga. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi BNCU, kiliundwa mwaka 1950 na kushika ununuzi wa kahawa uliokuwa mikononi mwa wafanyabiashara binafsi. Bei nzuri za miaka hiyo zilijenga nyumba za bati, zikasomesha watoto na kuipa Bukoba sifa yake ya elimu. Baada ya uhuru uchifu ulifutwa, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuondoa nyarubanja, mfumo wa umwinyi ambao uliwaacha watwana wakitoa ushuru kwa bwana wa ardhi. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 kiwanda cha kahawa ya unga, TANICA, kilijengwa mjini Bukoba. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa katika muongo uliofuata, na mrithi wa BNCU leo ni Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU.

Katika mfumo huu wote akamwani haina nafasi. Vyama vya msingi hupokea kahawa ya maganda, yaani tunda lililokaushwa bila kuchemshwa, na viwanda huikoboa kupata kahawa safi. Tunda lililopita chunguni haliingii kwenye mizani ya chama. Hilo limeiacha akamwani kuwa biashara ndogo, nje ya madaraja na nje ya makato. Kwa kawaida kahawa ya kuuza huhesabiwa kuwa mali ya mwanamume mwenye kibanja, na mapato yake hupitia mikononi mwake. Kahawa ya kutafuna huanzia jikoni, na jiko ni la mama. Vifurushi vinavyouzwa kandokando ya njia humpa mwanamke fedha asizozipata kwenye magunia ya chama.

Wapo pia wakulima wasiofika mavunoni na kahawa yao. Butura, mtindo wa kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado ua au tunda changa ili kupata fedha za ada au matibabu, umepigwa marufuku mara nyingi na bado unaendelea. Aliyeuza mavuno yake kwa butura hana kahawa ya kutafuna ya kutosha, kwa kuwa matunda ya mtini ni ya mtu mwingine. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na pigo jingine, ugonjwa wa mnyauko fuzari, uliokausha mibuni mingi ya robusta katika nchi za maziwa makuu. Kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kilichopo Maruku, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kimekuwa kikisambaza vikonyo vya aina zinazostahimili ugonjwa huo, na vibanja vingi vimechanganya mibuni ya babu na ya kituo.

Mjini, desturi ilibadilika kwa sababu nyepesi zaidi, ambayo ni nafasi. Kata kama Hamugembe zilijaa nyumba kadiri mji ulivyokua, na kiwanja cha mjini hakibebi kibanja. Bado migomba inaonekana nyuma ya nyumba, na hapa na pale mbuni mmoja au miwili, lakini haitoshi chungu kizima. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi Bukoba, Hamugembe ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia, na ujenzi uliofuata uliongeza matofali na kupunguza bustani. Mkazi wa mjini hupata akamwani kwa njia mbili: hutumiwa na ndugu wa kijijini, ikiwa imefungwa pamoja na ndizi na, msimu ukiwadia, senene, au huinunua sokoni na kituo cha mabasi, ambako hupangwa karibu na karanga na pipi.

Senene ndiyo inayoshindana nayo kama zawadi ya Bukoba. Panzi hao wa msimu wa mvua hukaangwa, hutiwa chumvi na husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bei kubwa, na jina lao limeizidi akamwani kwa umaarufu nje ya Kagera. Tofauti iko katika matumizi. Senene huliwa kwa kushiba hamu, bakuli zima, na hupatikana kwa msimu. Akamwani hugawanywa punje kwa punje mwaka mzima, kwenye vikao vya ukoo, misibani, ndani ya basi la usiku na kwenye meli ya Mwanza, na anayefungua kifurushi chake mbele ya wenzake hutarajiwa kukipitisha.

Vifurushi vya jani la mgomba sasa vinauzwa kando ya mifuko ya plastiki yenye kiasi kilekile. Wanunuzi wazoefu huchagua jani, wakisema kwamba plastiki huifanya kahawa ivunde na kupoteza harufu, na wauzaji wengi hufunga kwa namna zote mbili: jani kwa mwenyeji anayejua, plastiki kwa msafiri anayetaka kuona anachonunua.